Kudai, kushikilia, kuthibitisha: vitenzi vya Kiingereza vya kusema kwa mkazo, na mzigo ambao kila kimoja humtwika msemaji

#1. Mfasiri wa Ghorofa ya Pili

Ndugu zangu wapenzi wa lugha, ninaufungua uzi huu kwa sababu ya neno moja lililonitoa jasho Jumamosi iliyopita. Kazi yangu ni kufasiri nyaraka, na meza yangu iko katika ghorofa ya pili ya jengo moja karibu na River Road, Nairobi, kati ya fundi wa saa na mama anayechapa barua za maombi ya kazi. Chama kimoja cha akina mama wa Eastlands kiliniletea kumbukumbu za mkutano wao, zilizoandikwa kwa Kiingereza na katibu wao kijana, nizitie katika Kiswahili ili wanachama wote wazisome. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: 'The treasurer maintains that the March contributions were banked.' Nami, kwa pupa ya kumaliza kazi, nikaandika: "Mweka hazina anadai kuwa michango ya Machi iliwekwa benki."

Saa tano asubuhi mweka hazina mwenyewe akapanda ngazi, akaketi kabla sijamkaribisha, akafungua mkoba na kulaza mezani stakabadhi mbili za benki zenye muhuri wa buluu, kisha akazinyoosha kwa kiganja, moja baada ya nyingine. "Kijana wangu," akasema, "hapa umeandika kwamba ninadai. Mimi simdai mtu. Pesa nimeziweka, na karatasi ndizo hizi. Neno lako limenifanya mwizi mbele ya wenzangu."

Nilimwomba radhi na kuahidi kuandika upya. Hata hivyo, alipokwisha kushuka nilibaki nikijiuliza kosa langu lilikuwa wapi hasa, kwa kuwa kamusi niliyoizoea huvipanga 'assert', 'claim', 'maintain', 'allege', 'contend', 'aver' na 'affirm' katika safu moja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja waliovaa sare, na mtu mwenye haraka humshika yeyote aliye karibu.

Haya ndiyo ninayoyaona mpaka sasa, nanyi mnikosoe. Kila kitenzi cha kundi hili humweka mtu fulani chini ya mzigo. Tukiandika 'she asserts', mzigo uko juu ya msemaji: amelisema jambo kwa nguvu, amejitwika dhamana yake, na mwandishi hajasema lolote kuhusu ukweli wake. Tukiandika 'she claims', mwandishi amejitenga hatua moja, kama anayemnong'oneza msomaji kwamba haya ni ya huyu, mimi simo. 'Maintain' kiko mbali na vyote viwili, kwa sababu hudokeza kwamba kuna aliyekwisha kupinga na msemaji bado hajaachia. Asili yake ni Kilatini kilichopitia Kifaransa: 'manu', kwa mkono, na 'tenere', kushika. Kiswahili kilikuwa kimeniwekea neno lake tayari, nalo ni kushikilia. Laiti ningaliandika "ameshikilia kuwa michango iliwekwa benki", mama yule asingalipanda ngazi zile. 'Claim', kwa upande wake, kimetoka kwa 'clamare', kupaza sauti, na mwenye kupaza sauti si lazima awe na stakabadhi mkobani.

#2. Karani Mstaafu

Ndugu Mfasiri, pole kwa kisa hicho, ingawa pole kubwa zaidi ni ya mweka hazina. Nilikaa katika ukarani wa mahakama kwa miaka ya kutosha kujua kwamba kwa mawakili vitenzi hivi si mapambo. Katika hati ya madai wakili huandika 'the plaintiff avers', na ndani ya 'aver' mna neno la Kilatini 'verus', yaani kweli. Anayekitumia analileta jambo lake kama kweli aliyo tayari kuionyesha. Upande wa pili unapojibu, maneno yale yale hayaitwi tena 'averments' bali 'allegations'. Utetezi huyakana moja baada ya jingine, kisha humtaka mlalamishi atoe uthibitisho kamili. Jambo halijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mkono ulioshika kalamu.

Hati ya kiapo nayo ina tabia yake. Mwenye kuapa hujitaja mwanzoni kwamba anaapa na kueleza yafuatayo, kisha kila aya hufunguliwa kwa neno 'THAT' kwa herufi kubwa, aya baada ya aya mpaka mwisho, hivi kwamba kitenzi kimoja cha juu huyavuta maelezo yote kama kichwa cha gari la moshi kinavyovuta mabehewa. Hata hivyo sheria haimwachi aseme apendavyo. Agizo la 19 ('Order 19') la kanuni za taratibu za kesi za madai humfunga mtu kwa mambo anayoweza kuyathibitisha kwa ujuzi wake mwenyewe, na katika maombi madogo ya kabla ya hukumu humruhusu kutaja aliyoyasikia na anayoyaamini, mradi ataje aliyapata wapi na kwa nini anayaamini. Kujua, kusikia na kuamini ni ngazi tatu, na hakimu aliye macho atakuuliza umesimama kwenye ipi.

Kuhusu mzigo ulioutaja, hukukosea hata kwa lugha ya sheria. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinasema kwamba yeyote anayetaka mahakama itoe hukumu kuhusu haki au wajibu unaotegemea mambo anayoyasema, sharti athibitishe kwamba mambo hayo yapo. Kitenzi kilichotumika hapo ni 'asserts', na maneno hayo yaliigwa karibu neno kwa neno kutoka Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872. Hakikuchaguliwa 'claims' wala 'alleges', nami naona ni kwa sababu mtunzi alitaka neno lisilomhukumu mtu kabla ya kusikizwa.

Isitoshe, 'assert' kina historia ambayo wengi hawaijui. Kwa Warumi wa kale mtumwa hakuweza kujitetea mwenyewe mbele ya hakimu, kwa hiyo raia huru alisimama kwa niaba yake, akamgusa kwa fimbo na kutamka kwamba mtu huyu ni huru. Tendo hilo liliitwa 'asserere in libertatem'. Kabla ya kuwa neno la kusema tu, lilikuwa neno la kumwekea mtu mkono.

#3. Binti wa Kayole

Kwa heshima zote, Mzee Karani na ndugu Mfasiri, ninaona mnalionea neno kudai. Wafanyakazi wanapodai mishahara yao, au mjane anapodai shamba la marehemu mumewe, hakuna anayesikia shaka ndani ya neno hilo. Tunachosikia ni haki. Shaka huingia pale tu tunapoongeza "kuwa" au "kwamba". Kudai shamba ni jambo moja, kudai kwamba shamba ni lako ni jambo jingine. Kiingereza nacho kinafanya vivyo hivyo: unaweza 'claim' mzigo wako uwanja wa ndege bila mtu kukutilia shaka, lakini ukishaweka 'that' nyuma yake, msomaji anakunja uso. Kosa la Mfasiri halikuwa kitenzi peke yake, bali kitenzi pamoja na kile kijineno kilichokifuata.

Tena mnasahau kwamba lugha yetu haihitaji kitenzi cha namna hii ili kujitenga na maneno ya mtu. Mama yangu akisema "anasema eti foleni ya Jogoo Road ndiyo iliyomchelewesha", kitenzi ni kile cha kawaida kabisa, kusema, ila silabi mbili za "eti" zimekwisha kutoa hukumu, na rufaa hakuna.

#4. Mwalimu wa Jioni

Binti ameligusa jambo ambalo mimi hupambana nalo kila jioni nikiwafundisha watahiniwa wa kidato cha nne. Maana ya vitenzi hivi haiko ndani ya kitenzi tu, iko pia katika kinachokifuata, na hapo ndipo vijana wetu huteleza.

Chukueni 'insist'. Kwa asili yake ya Kilatini ni kusimama juu ya jambo, nasi husema kusisitiza. 'The landlord insisted that the tenant pay' na 'the landlord insisted that the tenant paid' hutofautiana kwa herufi chache mwishoni, lakini katika ya kwanza mwenye nyumba anataka kodi yake, na katika ya pili amegeuka kuwa shahidi wa mpangaji. Wanafunzi wangu huitazama sentensi hiyo kwa mashaka mpaka niitie katika Kiswahili: "alisisitiza mpangaji alipe" na "alisisitiza kwamba mpangaji alilipa". Mara moja nyuso hufunguka, kwa sababu ile "-e" ya mwisho wanaijua tangu walipokuwa wakitumwa dukani. Waingereza wenyewe mara nyingi huweka 'should pay' hapo ili kuepusha utata, na wengine husema 'paid' hata wanapomaanisha alipe, jambo ambalo hunipa kazi ya ziada.

Kosa la pili ni 'he asserted me that'. Ninajua linakotoka. Kiswahili hupenda kumtia msikilizaji ndani ya kitenzi: alimwambia, alimweleza, alimhakikishia. 'Assert' hakimjui msikilizaji kabisa. Husema jambo hewani, liwe na wa kulisikia au lisiwe naye. Anayetaka msikilizaji sharti aende kwa 'assure', ambacho hakiwezi kusimama bila mtu wa kutulizwa moyo. Kuna na hili: unaweza kuandika 'he claimed to have seen the thief', lakini 'he asserted to have seen' haikubaliki, wala 'he maintained to have seen'. 'Allege' hupenda kauli ya kutendwa, 'he is alleged to have stolen', ambamo mwenye kutuhumu hatajwi kabisa. Mimi hukiita kitenzi cha mtu anayerusha jiwe gizani.

#5. Mhariri wa Zamu ya Usiku

Mwalimu, jiwe lako la gizani limenifurahisha, na kwa kuwa mimi hushinda usiku nikisahihisha habari, nawaombeni niwaondolee dhana moja inayowaponza waandishi wachanga. Wengi wao huamini kwamba wakipachika 'allegedly' katika kila sentensi, au "inadaiwa" kwa Kiswahili, wamekingwa dhidi ya kesi ya kashfa. Sivyo. Katika sheria tuliyorithi kutoka Uingereza, anayerudia kashfa ya mwingine huhesabiwa kuwa ameisema mwenyewe, na kijineno hicho hakimwokoi. Faida yake halisi ni nyingine: humkumbusha msomaji kwamba mshukiwa hajapatikana na hatia, jambo ambalo Ibara ya 50 ya Katiba yetu inamhakikishia.

Kinachonikera zaidi ni uchoyo wa neno "alisema". Mwandishi akishalitumia mara mbili huona aibu, akaanza kupokezana vitenzi kama vijiti vya mbio: ameeleza, amehoji, amekariri, amefichua. Msikilizaji wa Nairobi amekwisha kuzoea kwamba kuhoji ni kutoa hoja, ingawa kwingine bado ni kuuliza maswali, na hilo siligombi. Lakini "amefichua" husema kwamba jambo lilikuwa kweli na lilikuwa limefichwa. Juzi nilikata "mbunge amefichua kwamba barabara zina mashimo". Nani alikuwa ameyaficha mashimo hayo? Vivyo hivyo ule usemi wetu wa kudumu, "akithibitisha kisa hicho, mkuu wa polisi alisema", huyafanya maneno ya mkuu huyo kuwa ya kweli hata kabla hatujayasoma, ilhali mara nyingi alichofanya ni kusema tu.

#6. Mfasiri wa Ghorofa ya Pili

Mhariri amenifungulia mlango ambao nilikuwa nikizunguka nje yake. 'Affirm' na 'confirm' vyote vimejengwa juu ya 'firmus' ya Kilatini, yaani imara, na kuthibitisha kwetu kumejengwa juu ya thabiti, neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo. Lugha mbili zisizo na undugu zimechukua jiwe la aina moja kuweka msingi. Taabu ni kwamba Kiingereza kina nyumba mbili juu ya msingi huo, sisi tuna moja. Anaye-'confirm' hulitia nguvu jambo lililokwisha kusemwa na wengine. Anaye-'affirm' husema mwenyewe, kwa nafsi yake, hata kama hakuna aliyelisema kabla. Nikiandika "alithibitisha" kwa vyote viwili, nimeitupa tofauti hiyo. Kwa 'affirm' nimekuwa nikijaribu "alisema bila kusita" au "alitamka wazi", lakini siridhiki.

#7. Mzaliwa wa Kaimosi

Kwa 'affirm', ruhusuni mtu aliyelelewa katika kanisa la Friends, yaani Waquaker, aongeze neno, kwa sababu kitenzi hicho kwetu ni cha nyumbani. Waquaker wa Uingereza wa karne ya 17 walikataa kuapa, wakishika mafundisho ya Mathayo sura ya 5 kwamba mtu asiape kabisa na ndiyo yake iwe ndiyo. Waliona kwamba anayeapa leo anakiri kuwa jana, alipokuwa hajaapa, pengine alikuwa akidanganya. Walifungwa kwa msimamo huo, mpaka mwishoni mwa karne hiyo sheria ikawaruhusu kutoa 'affirmation' badala ya kiapo. Karibu miaka 200 baadaye Charles Bradlaugh, asiyeamini Mungu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Northampton mwaka 1880 akazuiwa kuketi kwa sababu ya mzozo wa kiapo; Sheria ya Viapo ya 1888 ndiyo iliyomfungulia kila mtu njia ya kutoa tamko hilo bila kuapa.

Wamisionari wa Friends walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ni miongoni mwa nchi zenye Waquaker wengi zaidi duniani. Fungueni Ibara ya 74 ya Katiba: anayeingia katika wadhifa wa dola hula kiapo au hutoa 'affirmation'. Kwa hiyo, ndugu Mfasiri, katika muktadha wa sheria ningeandika "kutoa tamko la dhati", kwa kuwa kuthibitisha hapo hakuna kinachothibitishwa. Mtu anaweka neno lake, basi.

#8. Karani Mstaafu

Nimefurahi kumsoma mzaliwa wa Kaimosi. Ninaongeza kimoja tu, kwa sababu kimewahi kutikisa nchi nzima, nacho ni 'declare'. Katiba, katika Ibara ya 86, inasema matokeo ya kila kituo cha kupigia kura yatakuwa 'announced', ilhali Ibara ya 138 inamtaka mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, ndani ya siku saba, a-'declare' matokeo ya urais. Kiswahili chetu cha redio husema "kutangaza" katika mahali pote pawili, na mwananchi hawezi kuhisi mpaka uko wapi. Anaye-'announce' huwapa watu habari ya jambo lililokwisha kuwapo. Anaye-'declare' huzalisha jambo kwa kinywa chake: kabla ya neno lile hakuna rais mteule, na baada yake yupo, mpaka Mahakama ya Juu iseme vinginevyo kama ilivyosema tarehe 1 Septemba 2017 ilipobatilisha uchaguzi wa rais. Mimi ningeiacha kutangaza kwa 'announce', na kwa 'declare' ningesema kutamka rasmi.

'Contend', 'avow' na 'asseverate' siwasemei sana. Cha kwanza ni cha mabishano, cha pili ni cha kukiri hadharani bila haya, na cha tatu sijakisikia kinywani mwa wakili yeyote aliye hai.

#9. Binti wa Kayole

Mzee, "kutamka rasmi" nimeichukua. Sasa ndugu Mfasiri atuambie: kumbukumbu za chama zimesomekaje mwishowe?

#10. Mfasiri wa Ghorofa ya Pili

Niliziandika upya jana hivi: "Mweka hazina ameshikilia kuwa michango ya Machi iliwekwa benki, na ameonyesha stakabadhi mbili." Nikampigia simu mama nikamsomea. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Kama stakabadhi wameziona, ninashikilia nini tena?"

Nimekifuta kitenzi hicho. Sasa imebaki: "Michango ya Machi iliwekwa benki, mweka hazina ameonyesha stakabadhi mbili." Amekuja leo kuichukua nakala yake, na safari hii alisubiri nimkaribishe kiti.